Manifoldi ya ekzosi kwenye pikapu ya zamani: kununua heda au kutengeneza iliyopo?



Wengi wetu hapa tumezoea kubishana kuhusu ngeli, miswada, na nani alisema nini mwaka gani. Leo niwieni radhi, naandika kuhusu moshi wa gari. Mdogo wangu aliyeko Njombe alinipigia simu akaniomba nimtumie heda kwa ajili ya pikapu yake, na jibu langu limetuchukua simu tatu na michoro miwili. Baada ya hapo wenzangu wawili wenye magari ya zamani, mmoja Ghent na mwingine Muscat, wakaniuliza jambo lile lile. Nikaona bora niliandike mara moja. Shahada yangu ya uzamivu ni ya isimu, si ya uhandisi, lakini baba yetu alikuwa dereva wa lori, na sisi watoto tulijua spana kabla ya kujua kalamu.

Kwanza magari yenyewe. Mdogo wangu ana Toyota Land Cruiser FJ45, pikapu ya mwaka 1981, yenye injini ya petroli aina ya 2F. Anabeba viazi mviringo kutoka mashambani kuvipeleka Makambako, na kama kawaida ya kwetu, juu ya magunia wanakaa watu. Mimi hapa nina pacha wake, wa mwaka 1982. Yangu haina kazi ya maana. Tangu Januari 2018 manispaa zote 19 za Brussels, Jette ikiwemo, ni eneo ambalo magari yenye moshi mchafu yanapigwa marufuku hatua kwa hatua, na gari la umri huu lingekuwa limeshafukuzwa kama si kifungu kimoja: gari lililozidi miaka 30, likasajiliwa kama gari la ukumbusho na kupewa namba yenye herufi O, linaachwa. Sharti ni kwamba huendi nalo kazini wala hufanyi nalo biashara. Basi yangu inatoka Jumapili, inapita kando ya msitu wa Laerbeek, inarudi kulala. Ya Njombe inatoka alfajiri karibu kila siku na inalisha watu saba. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu nitakachosema hapa chini.

Maneno kidogo, maana najua naandikia watu gani. Moshi unaotoka kwenye silinda hupokelewa na kitu kilichofungwa ubavuni mwa silinda hedi, chenye matawi yanayokutana kuwa bomba moja. Mafundi wetu wanakiita manifoldi ya ekzosi. Wafaransa wameitazama kazi yake, kukusanya, wakaiita collecteur. Waholanzi wametazama umbo lake, matawi yanayochipua, wakaiita spruitstuk. Ya kiwandani kwa magari haya ni chuma kizito kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Heda ni manifoldi vilevile, ila imeundwa kwa mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa, kila silinda na bomba lake. Msiichanganye na silinda hedi, ingawa simu ya Njombe ikiwa mbovu huwezi kuzitofautisha.

Sasa injini. 2F ina silinda sita kwenye mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2. Jambo lake la pekee ni kwamba manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja kwenye silinda hedi, na ya hewa imekaa mgongoni mwa ya moshi, zikaunganishwa kwa boliti katikati. Wale Wajapani walikuwa na sababu yao. Kabureta inamwaga petroli ndani ya hewa baridi, na petroli ile isipogeuka mvuke inabaki matone yanayoteleza ukutani mwa manifoldi. Joto la moshi unaopita chini ndilo linaloigeuza mvuke. Kuna hata kibati kinachojigeuza kwa springi: injini ikiwa baridi kinaelekeza moshi wa moto juu, chini ya kabureta, injini ikishapata moto kinauachia uende zake. Njombe ni nyanda za juu, na asubuhi ya Juni au Julai kule si ya mchezo. Jette nayo mwezi wa Januari mnaijua. Ukifunga heda ya kawaida, joto lile lote umeliondoa.

Heda inatoa nini badala yake? Vali ya kutolea inapofunguka, moshi unatoka kwa kishindo, na nyuma ya kishindo hicho unabaki upungufu wa hewa ndani ya bomba. Mabomba yakiwa na urefu unaofaa na yakikutana mahali panapofaa, upungufu huo unaifikia silinda nyingine wakati nayo inafungua vali, ukaisaidia kujitoa moshi wake. Hapa mpangilio wa moto ni muhimu. Wa 2F ni 1-5-3-6-2-4. Uangalie vizuri: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kwa hiyo ukiyakusanya mabomba ya silinda 1, 2 na 3 pamoja, na ya 4, 5 na 6 pamoja, kila kundi linapata mapigo yaliyopishana kwa nafasi sawa, hakuna anayemwingilia mwenzake. Heda nzuri ya injini hii ni ya tatu-tatu, kisha makundi mawili yanaungana mbele zaidi. Inayomwaga mabomba sita ndani ya kopo moja fupi ni pambo tu.

Tatizo ni kwamba faida hii ina mahali pake. 2F inatoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, lakini msukumo wake mkubwa uko chini kabisa, karibu na 1,800, na huko ndiko pikapu ya viazi inakoishi, gia ya pili, magunia hadi juu, mlima mbele. Mabomba mapana na mafupi yanasaidia juu na yanapunguza chini. Anayekwambia heda itaongeza nguvu hakudanganyi, ila hajakueleza nguvu hiyo ipo kwenye mizunguko mingapi. Zaidi ya hapo, Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Injini inayosongwa na hewa nyepesi na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani haitaponywa na bomba. Ilipaswa kubadilishiwa jeti kwanza.

Nayasema haya si kwa kusoma tu. Pikapu yangu niliinunua ikiwa tayari na heda. Mwenye gari kabla yangu, mkulima mstaafu wa Flandria, alifungiwa na karakana moja ambayo sitaitaja. Flanji yake, yaani ile sahani inayobana kwenye silinda hedi, ilikuwa na unene wa milimita 6, na mabomba membamba kama ya kiti cha bustani. Baridi ya kwanza tu nikajua. Gari linawaka, linazima, linawaka, linazima, mpaka jirani wa ghorofa ya pili anafungua dirisha. Likishapata moto linaanza tik-tik-tik kama cherehani. Nilipoifungua flanji na kuilaza juu ya kioo, ilikuwa imejikunja katikati kiasi cha kupitisha sarafu. Nikatafuta manifoldi ya kiwandani iliyotumika, nikaisawazisha, nikaifunga. Tangu siku hiyo gari linawaka na kutulia, na jirani amerudi kunisalimia.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia, "Shikamoo kaka, nitumie heda, gari limepoteza nguvu na linapiga kelele upande wa injini," nilimuuliza kelele gani. Akaniigizia kwa mdomo: tik-tik-tik. Nikamuuliza, kelele ni zaidi asubuhi au mchana? Asubuhi. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akasema kwamba shemeji yangu siku hizi hataki kupanda gari. Kila akienda nalo Makambako anafika kichwa kinamuuma na kutapika, ameshapimwa malaria mara mbili, hakuna kitu.

Hapo nikaacha kuzungumzia nguvu za farasi.

Manifoldi inayovuja haivuji kelele tu. Inavuja kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na injini ya petroli yenye kabureta inaitoa kwa wingi, hasa ikiwa imepata petroli nyingi kuliko hewa kama zinavyofanya gari za milimani. Gesi hii hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kidogo ukiivuta kwa muda mrefu inajilimbikiza. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu; ndiyo maana watu wanakimbilia kupima malaria. Njia yake ya kuingia kwenye kebini ni fupi: kutoka ubavuni mwa injini kupitia matundu ya pedali, ya nyaya na ya usukani, ambayo kwenye gari la miaka arobaini mpira wake umeshaoza. Na kwa baridi ya kule, vioo vimefungwa. Wanaokaa nyuma nao wasidhani wamepona. Gari lenye turubai linapotembea, hewa nyuma yake inazunguka na kurudi ndani, ikichukua moshi wa bomba la nyuma. Mtoto aliyelala juu ya magunia, mnasema amechoka na safari.

Nilimwambia kabla ya jambo lolote, shemeji asipande, abiria wa nyuma wasipande, na yeye aendeshe vioo vikiwa wazi mpaka tujue. Alininung'unikia kuhusu nauli. Nikamwacha anung'unike.

Kuujua uvujaji hakuhitaji mashine. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua boneti, mtu mmoja awashe, mwingine asikilize. Chuma cha baridi kimesinyaa, kwa hiyo nafasi ni kubwa na mlio ni mkali. Kikipata moto kinatanuka, mlio unapungua, na fundi asiyejua anasema ni vali. Kisha mwenzako azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mlio utaongezeka mahali panapovuja. Injini ikiwa bado ya baridi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, mapovu yatakuonyesha. Injini ikiwa imezimwa, tafuta masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi. Moshi huwa unaandika jina lake mwenyewe. Na uangalie stadi. Kwenye gari nyingi za aina hii stadi ya mwanzo au ya mwisho imekatika zamani na hakuna aliyeona, maana za katikati zinashikilia.

Ya mdogo wangu ilikuwa imekatika stadi ya nyuma kabisa, na manifoldi ina ufa mwembamba kwenye tawi la silinda ya sita. Picha aliyonitumia ilikuwa wazi.

Basi je, atengeneze au anunue? Mimi nilisema atengeneze, na hii ndiyo hoja yangu. Manifoldi ya kumimina ni nzito, haikunjwi ovyo na joto, inanyamazisha kelele, na inarudisha joto kwa kabureta. Imeishi miaka arobaini na zaidi. Ufa wake unatengenezeka na fundi anayejua chuma cha kumimina, ambaye si kila mchomeleaji. Chuma hiki ukikichomelea kikiwa baridi kama chuma cha geti, kitapasuka kando ya weldi kabla hujafika nyumbani. Kinapashwa moto chote polepole, kinachomelewa vipande vifupi vifupi kwa vijiti vyenye nikeli, kisha kinafukiwa kwenye majivu makavu au mchanga mkavu kipoe usiku kucha. Shimo dogo litobolewe kwanza mwisho wa ufa, usiendelee kukimbia.

Baada ya hapo ni kusawazisha uso, na hapa 2F ina mtego wake. Manifoldi ya hewa na ya moshi zinabanwa kwenye silinda hedi moja, kwa hiyo nyuso zao lazima ziwe kwenye usawa mmoja. Zikipelekwa kwa mchonga vyuma kila moja peke yake, moja itachongwa zaidi, na boliti haitaweza kuzibana zote mbili. Ziunganishwe kwanza zenyewe kwa boliti za katikati, na gasketi mpya kati yake, ndipo zichongwe pamoja kama kitu kimoja. Wakati wa kufunga kwenye injini, zile boliti za katikati zilegezwe kidogo, nati za silinda hedi zikazwe kwanza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha karakana, na za katikati zikazwe mwisho. Ukigeuza utaratibu huu, unavunja sikio la manifoldi.

Lakini ziko hali ambapo heda ndiyo suluhisho. Manifoldi imepasuka vipande, nyingine haipatikani, au bei yake imepita akili. Hapo chagua hivi. Flanji isipungue milimita 9 au 10 unene. Hii kwangu ndiyo ya kwanza kabla ya jina la kampuni wala rangi. Bomba lisipungue milimita 1.6, la 1.2 ni la mashindano ya mwisho wa juma. Mabomba yawe membamba na marefu badala ya mapana na mafupi, na yakusanywe tatu-tatu kama nilivyoeleza. Weldi ziwe zimezunguka bomba lote, na uso wa flanji uwe umechongwa baada ya kuchomelea, si kabla. Weka rula ya chuma juu yake dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikasirika, toka.

Kuhusu chuma, watu wanapenda stenlesi kwa kuwa haishiki kutu. Kweli, lakini ile aina ya kawaida, 304, inatanuka zaidi kwa joto. Bomba la sentimita 40 likipanda digrii 500 linarefuka kama milimita tatu na nusu. Chuma cha kawaida kama mbili na nusu. Milimita hiyo moja ya ziada lazima iende mahali, na ikikosa njia inakwenda kwenye weldi. Kwa hapa Ubelgiji, ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi na safari fupi zinaacha maji ndani ya bomba, ningevumilia hilo nikachukua stenlesi yenye kiungo kinachocheza. Kwa Njombe, chuma cha kawaida kizito ambacho fundi yeyote ataweza kukichomelea. Ile tepu ya kuviringisha mabomba ili kuzuia joto, kwenye chuma cha kawaida siipendi: inanyonya maji na kulioza bomba bila wewe kuona. Na usisahau joto la kabureta. Zipo sahani zinazofungwa chini ya manifoldi ya hewa, zikapitishiwa maji ya moto ya injini. Bila hiyo, asubuhi za Juni utazijutia. Hakikisha pia bomba jembamba halipiti karibu na mpira wa petroli au waya wa stata, kwa sababu heda inatoa joto pembeni kuliko manifoldi nzito.

Utunzaji ni mwepesi, ila watu hawaufanyi. Baada ya kufunga, iwe manifoldi au heda, endesha, acha ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya kilomita mia chache. Gasketi mpya inasinyaa, na nati iliyokuwa imekaza Jumatatu inaweza kuwa imelegea Ijumaa. Heda ikazwe tena kila unapobadilisha oili. Tumia nati za shaba nyeupe au njano, hazigandi kwenye stadi, na grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi. Usiache bomba la nyuma lining'inie kwenye manifoldi: vishikio vyake vya mpira na mikono ya injini vikichoka, uzito wote unavutwa na stadi ile ya mwisho, nayo inakatika tena. Usioshe injini ya moto kwa maji ya baridi, na ukifika mtoni baada ya mlima, simama kwanza dakika chache. Bomba la nyuma litokeze nje ya bodi lote, si kuishia chini ya sakafu. Matundu ya kebini yazibwe mipira mipya. Ni kazi ya nusu siku.

Na gasketi ya zamani ukiikuta imegandia, usiikwangue ikiwa kavu wala kuipiga brashi ya umeme. Gasketi nyingi za miaka hiyo zina asbesto. Ilowanishe kwa maji, kwangua taratibu kwa kisu butu, mabaki yaingie kwenye mfuko unaofungwa, na watoto wawe mbali mpaka sakafu imefutwa kwa kitambaa kibichi.